Figo la Aljia

Lazhar alichungulia njia ya bustani, huku na huku, kama mwizi wa kuku, kisha akafungua chupa na kuyamwaga maji yote kwenye shina la mtende. Yalikuwa maji baridi ya kuuma meno. Mkewe, Dhahabia, alikuwa ameyalaza kwenye barafu, akaifunga chupa kwa kitambaa kibichi na kumpa alfajiri pamoja na nyingine mbili, akamwambia alivyomwambia kila siku, "Zirudi tupu, Baba Nizari." Nazo zilirudi tupu. Tangu mwezi wa Ramadhani uandame, Dhahabia alizipokea chupa mlangoni, akazitikisa, akamshukuru Mungu. Mtende ulikunywa ukashiba, mume akabaki na ulimi mkavu.

Watu wengine hula kwa siri mchana wa Ramadhani. Lazhar bin Sasi, mkwezi wa mitende wa kijiji cha Degash, mtu mzima mwenye wajukuu, yeye alifunga kwa siri. Nyumbani walimjua kuwa mgonjwa aliyeruhusiwa kula, mkahawani walimjua kuwa mfungaji hodari, na katikati ya sura hizo mbili lilikuwapo figo moja, ambalo hata si lake, likikaushwa kama bamia juani.

Mafigo yake mwenyewe yalikufa taratibu, bila kelele, na alipojua alikuwa amekwisha. Kwa miaka alipelekwa mjini, siku moja huko siku moja nyumbani, kulazwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Na mtu wa mashine hanywi maji apendavyo. Anapimiwa. Lazhar alipimiwa bilauri ndogo za chai, na bado yumo katika bustani ya mitende ambamo mifereji inaita mchana kutwa. Siku moja kiu ilimshinda, akapiga magoti kwenye mfereji akanywa kama punda, na jioni walimkimbiza mjini maji yamemjaa mapafuni, anatweta kama samaki aliyetupwa mchangani. Tangu hapo mkewe alikuwa akimlinda na maji kama mtoto anavyolindwa na moto.

Huko kwenye mashine ndiko alikomjua Mungu. Kabla ya hapo alikuwa Mwislamu wa Ijumaa na sikukuu, tena Ijumaa yenyewe kama hakuna mpira. Lakini mtu akilala saa nyingi akiitazama damu yake inatoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine, mizaha humwisha. Alianza kwa kuomba asife. Baadaye, sijui siku gani wala yeye hajui, akajikuta haombi kitu, anazungumza tu na Mola wake, na mwenzake wa kitanda cha pili anamwuliza anaongea na nani. Hilo lilikuwa kweli. Mtu asije akasema imani ya Lazhar ilikuwa ya bandia, kwani kosa lake halikuwa hapo.

Aliyemtoa kwenye mashine ni dada yake, Aljia. Huyu ni mkubwa kwake, mjane, mwembamba kama ufito, na ulimi wake una upupu. Madaktari walipowapima ndugu wote wakamkuta yeye ndiye anayelingana naye, hakuomba hata siku ya kufikiri.

"Ninayo mawili," alisema, "na hakuna mume wa kuyagombania. Mpeni moja. Tangu utotoni ananinyang'anya vitu."

Walipasuliwa kule pwani, chumba kwa chumba, na figo la Aljia likaanza kazi Lazhar angali mezani. Daktari, mwanamke kijana asiye na muda wa kubembeleza, alimwambia Lazhar maneno machache. Meza dawa zako kila siku bila kukosa. Na kunywa maji, mchana kutwa, kiangazi zaidi. "Figo hili limehamia nyumba ya joto," alisema. "Likikosa maji linakufa, na sina lingine la kukupa. Kufunga Ramadhani, hapana. Si mwaka huu wala mwaka ujao."

Mwaka ule wa kwanza Lazhar aliishi kama mtu aliyeachiwa kutoka jela. Alikunywa maji ya mtungi, maji ya bomba, maji ya mvua. Alikula tikiti huku maji yanamchirizika mpaka kiwikoni, na hakuna aliyemnyang'anya kipande. Aliomba bilauri ya pili ya chai ya nanaa, halafu ya tatu, kwa sababu tu inawezekana. Jioni alikaa kando ya mfereji miguu imo majini, akisema alhamdulillahi bila kujua anaisema. Nilimwona hivyo mimi mwenyewe, na nilimwonea wivu, mimi mwenye mafigo mawili.

Basi kama angeishia hapo, ningekuwa sina hadithi. Lakini ulimi hauna mfupa.

Mwishoni mwa Shaabani, mkahawani, Hashmi alianza utani wake. Hashmi ni mkwezi pia, bustani yake inapakana na ya Lazhar, na wawili hao wametaniana tangu walipokuwa wakiiba tende mbichi. "Mwaka huu tutakuona, Bwana Lazhar," alisema kwa sauti ya kufika meza ya mwisho. "Ulipokuwa kwenye mashine tulikusamehe. Sasa una figo jipya, tena la mwanamke mfungaji. Au utabaki na makobe?"

Wanaume wakacheka. Kobe ni yule anayekula mchana wa Ramadhani huku watu wamefunga, na hakuna mwanamume wa Degash aliye tayari kuitwa hivyo mbele ya chai yake. Lazhar angeweza kusema, daktari amenikataza. Angeweza kusema Shehe Amori alikwisha kuja nyumbani akaniambia mgonjwa ana ruhusa, nilishe maskini basi. Badala yake alisimama, akaweka mkono kifuani.

"Wallahi, Mungu aliyenitoa kaburini sitamlipa kwa kula mchana. Mwezi huu naufunga wote, na haitanipita hata siku moja."

Mtu mmoja alimwambia Mungu amkubalie. Lazhar alirudi nyumbani kichwa juu, na kiapo kimemkaa shingoni. Dhahabia alipozisikia habari sokoni alimsogelea jikoni. "Waache wadhani wanavyodhani," alimnong'oneza. "Wewe nenda bustanini ukanywe, nani atakuona huko? Nitakuandalia chupa." Akaona ni hila nzuri sana ya kumwokoa mumewe na aibu. Maskini, hakujua anamwandalia mtende.

Dawa alizimeza daku na magharibi, akajiambia hapo hakuna kosa. Siku za mwanzo alijisikia mwepesi, karibu na Mungu, amejawa na fahari ambayo aliiita shukrani. Kisha jua likaanza kudai haki yake. Ramadhani ile iliangukia kiangazi chenyewe, mchana mrefu usiokwisha, upepo unatoka jangwani kama mlango wa tanuri umefunguliwa. Kichwa kilianza kumgonga baada ya adhuhuri. Vifundo vya miguu vikavimba, akavaa soksi katika joto lile Dhahabia asivione. Mkojo ukapungua, ukawa wa rangi ya chai iliyochemka mno. Alijua maana yake. Hakuna mtu anayeijua maana yake kuliko yeye. Kila asubuhi alijiambia leo nitakunywa, na kila ilipofika saa ya kunywa aliisikia sauti yake mwenyewe mkahawani inasema wallahi, akaimimina chupa chini.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Mashada ya tende yalikuwa yangali kijani, yameanza kuwa mazito, na wakati huo wa mwaka mkwezi hupanda kuyainamisha na kuyafunga kwenye makuti ili vikonyo visivunjike. Kazi haingoji afya ya mtu. Lazhar alikwisha kumwaga chupa ya kwanza na ya pili, ya tatu akaitundika kwenye kigutu cha kuti chini ya mtende, akafunga kamba kiunoni, akakwea. Alikwea peku kama alivyokwea tangu ujana, kigutu kwa kigutu, lakini safari hii alipumzika katikati mara mbili.

Aljia aliingia bustanini kuchuma nanaa na mchicha wa futari. Alipitia kwenye mtende wa ndugu yake, akasimama. Chini ya mtende palikuwa na tope.

Mtu wa mjini angepita tu. Lakini Degash maji ya mifereji hugawanywa kwa zamu, bustani kwa bustani, tangu enzi za mababu wa mababu, na mtu anaweza kusahau siku ya harusi yake lakini hasahau zamu yake ya maji. Zamu ya Lazhar ilikuwa Ijumaa. Aljia aliinama, akalishika tope lile kwa vidole, bado la baridi. Akaiona chupa iliyotundikwa, imejaa mpaka shingoni. Akaziona mbili zilizolala tupu kwenye nyasi, vifuniko vyake vimefungwa vizuri.

"Lazhar," aliita.

"Naam, dada."

"Leo Jumanne. Tope la hapa limetoka wapi?"

Juu makuti yalichakarika. "Nilinawa," alisema Lazhar.

"Ulinawa. Kwa chupa mbili za barafu. Wewe ambaye ulikuwa ukilamba bilauri ya chai." Sauti yake haikupanda, na hilo lilimtisha Lazhar zaidi. "Tangu lini?"

Lazhar akakaza fundo la shada lililokuwa mbele yake.

"Tangu lini, mtoto wa mama yangu?"

"Tangu mwezi ulipoandama."

Aljia aliweka kikapu chini. Mkono wake ulikwenda ubavuni, pale palipo na kovu lake, ukabaki hapo. "Shuka," alisema.

Lazhar aliutafuta mguu wake wa kushoto ili aushushe kwenye kigutu cha chini, na mguu haukutii. Ulikuwa kama wa mtu mwingine. Mbele ya macho yake makuti yaligeuka meupe, kisha meusi, na masikio yakajaa mlio wa nyuki. Akaukumbatia mtende kwa mikono miwili, shavu kwenye magamba yake. Chini kulikuwa mbali sana. Alikwisha kuwaona wakwezi walioanguka kutoka urefu ule, na wote walibebwa kwa jeneza.

"Siwezi," alisema. "Macho yamekwenda."

"Usishuke basi. Shikilia hapo hapo. Teremsha kamba."

"Ya nini?"

"Teremsha kamba, Lazhar, usinihoji."

Aliifungua kamba kwa mkono mmoja, huku mwingine umeng'ang'ania, akaiachia ikashuka ikining'inia. Aljia aliifunga chupa shingoni kwa fundo la kike la kufungia mzigo wa kuni, akaivuta kuijaribu. "Vuta. Halafu unywe."

Akavuta. Chupa ilipanda ikigonga shina, ikamfikia kifuani, baridi, inatoka jasho. Vidole vyake viliizunguka. Na hapo, chupa imo mkononi, aliinua macho akamwona Hashmi. Alikuwa juu ya mtende wake, bustani ya pili, usawa mmoja naye, panga limesimama hewani. Anamtazama. Nyuma yake, kwenye njia ya msikiti, wanaume watatu walikuwa wakija kwa sala ya adhuhuri, na mmoja wao alikuwa ameanza kunyoosha kidole juu.

"Nimeapa, dada," Lazhar alisema.

"Kiapo kina kafara yake. Utalisha maskini kumi, mimi nitakupikia. Figo halina kafara."

"Nilimwahidi Mungu."

"Mungu aliyeandika funga ndiye aliyeandika mgonjwa ale. Shehe Amori alikusomea aya mbele yangu, ukaitikia kwa kichwa kama mbuzi. Hukusikia?"

"Nilisikia."

"Sasa unaogopa nini?"

Midomo ilikuwa imempasuka, na kusema kulimwuma. "Watu," alisema. "Watu, Aljia. Wananitazama."

Nyuki wa masikioni mwake walinyamaza. Kisha sauti ya dada yake ikapanda taratibu, na haikuwa na upupu wowote.

"Kumbe unamfungia Hashmi."

Bustani ya pili, Hashmi alilishusha panga.

"Mimi nilidhani unamfungia Mola wako," Aljia aliendelea, "nikasema moyoni, huyu ni mjinga, lakini ujinga wake una mwenyewe. Kumbe Hashmi. Sikiliza, Lazhar. Hicho kilichomo tumboni mwako nilikitoa mwilini mwangu nikiwa hai. Nilikupa uishi nacho. Sikukupa ukichinje kwa ajili ya mkahawa. Ni amana. Usiku ninapoomba ninaliombea kama mtu anavyomwombea mtoto aliyemwoza mbali. Na wewe unalinyima maji. Kunywa, au urudishe mali yangu."

Neno hilo liliingia mahali ambapo aya ya shehe haikufika. Lazhar aliona, akiwa ameng'ang'ania pale juu kama mjusi, kwamba siku zote alizofunga hakuna hata moja aliyofunga bila kuwaona wale wanaume wa mkahawani mbele ya macho yake. Kwenye mashine hakukuwa na mtazamaji. Ndiyo maana kule alimpata Mungu, na hapa amempoteza. Na sasa alitakiwa kufanya jambo ambalo hapana mtu angemsifu kwalo, mchana kweupe, mahali pa juu kuliko mapaa yote ya Degash isipokuwa mnara wa msikiti. Hakuna ibada iliyowahi kumwogopesha kiasi kile.

Aling'oa kifuniko kwa meno. "Bismillahi," alisema, kwa sauti, kila mtu asikie kwamba anajua anachokifanya. Akanywa.

Funda la kwanza lilimwuma kooni. La pili lilipita. La tatu alilisikia likishuka kifuani, likisambaa, na machozi yakamtoka, akawa anakunywa na kulia kwa pamoja, maji mengine yanamwagika shingoni na kuingia shatini. Hakuharakisha. Aliyajua yale maji, ladha yake ya chumvi kidogo ya visima vya Degash, ladha ambayo wageni huikunjia uso. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi uandame alijisikia yu mbele ya Mola wake na hakuna mtu kati yao. Wale watatu njiani walikuwa wamesimama, vichwa vimeinuka. Akainywa chupa yote, mpaka tone la mwisho, mbele yao.

Lakini kunywa ni jambo moja, kushuka ni jingine. Mikono ilikuwa imeishiwa nguvu, na miguu bado haikuwa yake. Alipojaribu tena, kigutu kilimponyoka, akateleza urefu wa mkono, akazuiwa na kuti. Aljia alitoa sauti fupi chini kule, sauti ambayo Lazhar hakuwahi kuisikia kwake.

"Tulia, bwana we, usicheze." Huyo alikuwa Hashmi. Alikuwa ameruka ukuta wa bustani na sasa anakwea mtende wa Lazhar, haraka, akihema. Akafika chini ya miguu yake, akaushika wayo wa kushoto kwa kiganja, akauweka kwenye kigutu. "Haya, uzito hapa. Sasa huu mwingine. Mtegemee Hashmi, mabega yangu ni ya bure." Wakashuka hivyo, mguu kwa mguu, Hashmi akiusogeza wayo mmoja baada ya mwingine. Walipogusa ardhi wote wawili walikaa kwenye lile tope.

Hashmi alimtazama vifundo vya miguu, soksi zimekaza mpaka zimeacha alama. Akaenda kuleta gari lake la mizigo.

Hospitali ya mjini ilimjua Lazhar kama inavyozijua kuta zake. Daktari wa zamu, mtu mzima mwenye nywele za mvi, alitazama kipimo cha damu kwa muda mrefu, na watu wa familia za mashine wanajua kwamba daktari akitazama karatasi muda mrefu si heri. Wakamtia dripu mkono huu na ule. Wakapiga simu kule pwani kwa yule mwanamke kijana, na aliyoyasema hayakuhitaji simu, yalisikika chumba kizima.

"Figo limeumia," daktari wa zamu alimwambia Lazhar. "Limekauka, na dawa zako kwenye mwili mkavu zimezidi kuliumiza. Sasa tunalipa maji. Likiamka litakojoa. Lisipokojoa mpaka usiku, tutarudi kwenye mashine, na huenda ikawa moja kwa moja." Akampa chupa ya plastiki yenye alama pembeni. "Hata likiwa tone, niletee."

Ikawa kungoja. Dhahabia alifika na kanga ya kichwa imekaa upande, akakaa pembeni ya kitanda akirudia neno moja. "Nilizitikisa," alisema. "Kila siku nilizitikisa zile chupa." Lazhar alimshika mkono kumwomba radhi, na Dhahabia akauacha mkono wake ushikwe. Aljia alikaa kwenye kiti cha mlangoni, mgongo wima. Kila dripu ilipokwisha alimwita muuguzi kabla muuguzi hajaiona.

Lazhar alikwenda msalani, akasimama, akarudi. Chupa kavu. Akaenda tena, kavu. Alilijua jambo hili. Kwa miaka ile ya mashine hakukojoa hata tone, na wala hakuna anayekwambia kwamba utakuja kukikumbuka kitendo kile kwa machozi. Alilala akiweka kiganja juu ya lile figo, pale chini tumboni lilipopandikizwa, akalisemesha kimyakimya. Akaomba. Hakuapa chochote safari hii. Alisema tu, Ewe Mola, ni la dada yangu.

Jua lilipokaribia kuzama Hashmi aliingia na mfuko, tende, maziwa, mkate wa kujazwa nyama na mafuta aliopika mkewe. Alikuwa hajakaa tangu mchana. Akausogelea mto wa Lazhar. "Yale maneno ya mkahawani," alisema, akakuna shingo. "Mimi huwa nasema tu, Lazhar. Mdomo wangu unajulikana."

"Na wangu pia," Lazhar alisema.

"Wale watatu wa njiani wamenihoji. Nimewaambia umekunywa kwa sababu Mungu ameamrisha, na asiyeamini akwee mtende aje kuniuliza juu huko." Akaweka tende mkononi mwa Dhahabia, nyingine mkononi mwa Aljia.

Adhana ilisikika kutoka msikiti wa karibu. Hashmi akasema bismillahi, akala. Dhahabia akala huku analia. Aljia alikaa na tende yake kiganjani, midomo imempauka, hakuiinua.

"Fungua, dada," Lazhar alimwambia. "Adhana imekwisha."

"Nimeisikia."

"Basi fungua. Kuharakisha kufuturu ni suna."

"Siwezi kula figo langu halijakojoa."

"Wewe nawe unaapa?"

"Siapi. Haiteremki tu." Kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilivunjika. "Nikikuzika wewe nalizika na hilo, Lazhar. Naingia kaburini nusu. Hukuliwaza hilo hata siku moja?"

Hakuwa ameliwaza. Aliona haya kiasi cha kukosa pa kutazama. Akateremsha miguu chini, akashika nguzo ya dripu, akachukua chupa ya plastiki, akaenda msalani na kufunga mlango.

Alisimama pale muda mrefu. Nje alisikia Hashmi anakohoa, vijiko vinagonga bakuli katika chumba cha jirani, mtu anacheka, jiji zima linakunywa maji. Akafumba macho. Akahisi uzito kidogo, chini, mahali alipopasahau. Ukaja. Kwanza tone, likagonga plastiki. Kisha lingine. Kisha uzi mwembamba, mweusi, unaokatika na kurudi, na Lazhar bin Sasi, mtu mzima mwenye wajukuu, akaegemea ukuta wa choo cha hospitali, akiusikiliza.

Alipotoka alitanguliza mguu wa kulia kama alivyofundishwa chuoni akiwa mdogo, na dua ya kutoka msalani ikamjia mdomoni. Ameisema maisha yake yote, mlango kwa mlango, mawazo yakiwa sokoni. Alisimama nayo pale kizingitini, nguzo ya dripu mkono mmoja na chupa mkono wa pili, akaisema neno kwa neno kama mtu anayesoma kwa mara ya kwanza. "Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniondolea udhia, akanipa afya."

Aljia aliichukua chupa, akaiinua kwenye mwanga wa taa, akaigeuza.

"Kidogo," alisema. "Na cheusi kama chai ya Hashmi."

Akamrudishia. Kisha akasema bismillahi, akaitia tende mdomoni.